Maswali ya wasomaji: Kidimbwi cha beseni nyumbani

Barua za safari hii zimetoka Tanga mjini na vitongoji vyake, na zote zinahusu kidimbwi cha beseni: lile bwawa dogo la bustani linalouzwa likiwa limeshafinyangwa, la plastiki ngumu au faibaglasi, ambalo kazi ya mwenye nyumba ni kulizika ardhini na kulijaza maji. Tumeanza na swali linalobeba mengine yote.

Nimenunua beseni jeusi la plastiki lenye umbo la yai: urefu mita 1.8, upana mita 1.2, kina sentimita 50, na ndani lina vibaraza viwili vya kuwekea mimea. Fundi anasema atachimba shimo, atalitumbukiza na kurudishia udongo, nusu siku kazi imekwisha. Ni kweli?
*Mama wa Chumbageni*

Nusu siku haitoshi, mama, na ukikubali utalipa mara mbili. Beseni la vipimo hivyo hubeba kati ya lita 550 na 600, kwa sababu mviringo wa pembe na vile vibaraza hupunguza ujazo. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo unazika zaidi ya nusu tani. Plastiki ile haikutengenezwa kubeba uzito huo peke yake. Kazi yake ni kuzuia maji yasitoke, na kinachobeba ni ardhi iliyo chini na pembeni yake. Popote palipobaki uwazi, hasa chini ya kibaraza, plastiki itabonyea, na siku utakapoweka vyungu viwili vya mimea juu yake itapasuka kwenye kona. Ufa wa namna hiyo hauonekani kwa urahisi, maana uko chini ya maji na nyuma ya chungu.

Anza na mahali. Usichague bonde la uwanja kwa kuwa "maji hukaa hapo yenyewe." Maji ya mvua yatabeba matope, mafuta ya pikipiki na mbolea ya bustani mpaka ndani ya kidimbwi. Usiweke chini ya mwembe wala mkungu pia. Majani yanayooza ndani ya maji hula hewa ya samaki, na mizizi nayo hailali. Mnazi ukae mbali angalau mita 3, kwa ajili ya mizizi yake na kwa ajili ya nazi na makuti yanayoanguka. Jua la saa 5 au 6 kwa siku linatosha, na likiwa la asubuhi ni bora zaidi, maana la mchana wa kaskazi huchemsha maji machache haraka.

Kuchora umbo ndipo wengi wanapoharibu. Kama pande za beseni zinalingana kabisa, waweza kuligeuza kifudifudi na kuzungushia majivu. Kama halilingani, ukiligeuza utachora umbo la kinyume chake, na shimo litakataa. Liweke wima juu ya matofali mahali litakapokaa, ning'iniza timazi kutoka ukingoni hadi chini, piga kigingi kila baada ya sentimita 30, kisha chora mstari wa chokaa sentimita 15 nje ya vigingi. Nafasi hiyo ya sentimita 15 ni ya mkono wa fundi na mchanga wake. Akiibana, hataweza kushindilia chochote.

Chimba eneo zima mpaka usawa wa kibaraza, ongeza sentimita 5. Shusha beseni, likandamize liache alama ya kitako chake, litoe, kisha chimba ile sehemu ya katikati sentimita 5 hadi 7 zaidi ya kina chake. Pima kwa kulaza ubao ulionyooka juu ya shimo na kushusha tepu, usipime kwa macho. Penye kichanga kitupu, kingo za kibaraza zitaporomoka kila ukigusa. Hapo usishindane nazo. Chimba shimo zima hadi kina cha mwisho, na nafasi yote ya chini ya vibaraza ujaze mchanga baadaye. Ondoa mizizi, vigae, na kila kipande cha tumbawe chenye ncha. Udongo utakaotoka si chini ya toroli 20, basi amua mapema utakwenda wapi.

Sasa mchanga. Tafuta mchanga laini wa shimo au wa mto uliochekechwa, wenye unyevu kidogo: ukiukamata kiganjani ushikane, usitiririshe maji. Kwa beseni lako uandae nusu mita ya ujazo, yaani toroli 8 hadi 10. Udongo uliochimbwa usirudishwe kama ulivyo, kwa sababu mabonge yake huacha mapango, na mfinyanzi huvimba masika na kunywea kiangazi. Ikiwa uliochimba ni kichanga kisafi, upitishe kwenye chekeche na utumie huo huo. Mchanga wa ufukweni uache huko huko. Chumvi yake itaunguza mimea utakayopanda pembezoni, na ufukwe wetu unaliwa na bahari vya kutosha bila sisi kuusaidia.

Tandaza sentimita 5 chini, shindilia, shusha beseni kwa watu wawili au watatu. Laza ubao ukingo hadi ukingo, weka pima maji juu yake, angalia kwa urefu, kwa upana, na kwa mshazari zote mbili. Usiseme "karibu sawa." Maji hayajui karibu: upande mmoja ukiwa juu kwa sentimita 2, upande huo utaonyesha ukanda mweusi wa plastiki miaka yote, na upande wa pili maji yatamwagika kabla kidimbwi hakijajaa. Kosa hili lirekebishwe beseni likiwa tupu. Likishajaa hakuna wa kulisogeza.

Weka maji kina cha sentimita 10, halafu mimina mchanga pembeni kimo hicho hicho na uushindilie kwa ncha ya ubao wa mbili kwa mbili. Chini ya vibaraza tumia mkono, au usukume mchanga ndani kwa maji ya mpira mpaka uone umekataa kuingia. Ongeza maji sentimita 10 nyingine, kisha mchanga, hivyo hivyo mpaka juu. Maji yatangulie mchanga kidogo, yasiachane nao. Mchanga ukitangulia sana utaminya kuta kuingia ndani na kulinyanyua beseni. Maji yakitangulia sana kuta zitavimba nje na hazitarudi. Kila mzunguko, rudisha pima maji juu ya ukingo.

Ukingo ubaki sentimita 3 hadi 5 juu ya uwanja ili maji ya mvua yapite pembeni. Acha kidimbwi kikiwa kimejaa kwa wiki nzima kabla ya kujenga mawe ya pembezoni. Mchanga utatitia, nawe utaongeza. Kwa watu wawili, siku moja ni ya kuchimba na ya pili ni ya kuketisha na kujaza. Hiyo ndiyo kazi yake halali.

Mawe ya pembezoni niyalaze moja kwa moja juu ya ukingo wa beseni?
*Msomaji, Nguvumali*

Kama beseni ni la plastiki, hapana. Ukingo wake utajikunja chini ya uzito, nawe utapoteza ule usawa ulioutafuta kwa pima maji. Zungushia mkanda wa zege nje ya ukingo, upana sentimita 15 na unene sentimita 8 hadi 10, saruji moja kwa mchanga miwili na kokoto tatu. Jiwe bapa likae juu ya mkanda huo, na lichomoze sentimita 5 tu juu ya maji ili kuficha plastiki, huku chini yake pakibaki uwazi mwembamba lisiguse ukingo. Theluthi mbili za jiwe ziwe juu ya zege, la sivyo mtu akikanyaga ncha, litapinduka naye.

Saruji mbichi ikidondokea majini huyageuza kuwa makali kiasi cha kuua samaki. Funika kidimbwi kwa turubai wakati wa kujenga. Ikikaukia, sugua, mwaga maji yote ya mwanzo, jaza upya. Fanya hivyo kiangazi, kwa sababu inayoelezwa kwenye jibu linalofuata.

Tulimwaga maji ya kidimbwi mwezi wa nne ili kukisafisha. Asubuhi tulikuta beseni limenyanyuka upande mmoja zaidi ya kiganja, na mawe yamepinduka. Nani amelisukuma?
*Baba wa watoto watatu, Sahare*

Ni maji ya ardhini, kaka. Karibu na bahari maji hayako mbali chini, na masika, kuanzia Machi hadi Mei, hupanda. Beseni tupu ardhini ni chombo kinachoelea. Kila sentimita 10 za maji zinazosimama juu ya kitako chake, kwa kila mita moja ya mraba, zinasukuma kwenda juu kwa nguvu ya kilo 100. Beseni lenyewe la plastiki halifiki kilo 30. Lilikuwa limeshikwa na uzito wa maji yaliyo ndani, nanyi mkautoa.

Msijaribu kulikandamiza lirudi. Mchanga umeshateleza chini yake, kwa hiyo litakalia kilima na kupasuka. Subirini kiangazi, litoeni, ondoeni mchanga wote uliolegea, anzeni tena na tabaka jipya. Safari hii kabla ya kurudishia mchanga simamisheni pembeni bomba la plastiki la inchi 4, kutoka sentimita 20 chini ya kitako hadi juu ya uwanja. Theluthi yake ya chini itobolewe matundu ya msumari, ifungwe kitambaa cha neti na kuzungushiwa kokoto. Mdomo wa juu ufungwe kifuniko. Bomba hilo ni jicho lenu: mkitumbukiza fimbo mtajua maji ya ardhini yamefika wapi, na ikilazimu kumwaga kidimbwi mtayavuta kwanza kwa pampu ya mkono kupitia humo.

Kwa kawaida hakuna haja ya kumwaga kidimbwi chote. Kubadilisha sehemu moja ya kumi kila wiki, na kuchota tope la chini mara mbili kwa mwaka kwa kikombe chenye mpini mrefu, kunatosha. Maji hayo ya tope ni chakula kizuri kwa mgomba. Kama kusafisha kukubwa hakuepukiki, kufanyike Januari, Februari, au kati ya Julai na Septemba.

Kwetu ukichimba, hata futi moja haijafika unakuta mwamba. Sururu inarudi. Je, tukate tamaa?
*Msomaji, Pongwe*

Hapana. Pongwe mmekalia mawe ya chokaa, na ndiyo maana kiwanda cha saruji kiko huko. Msiupasue mwamba kwa ajili ya kidimbwi. Kipandisheni. Chimbeni kile kinachochimbika, kama sentimita 20, halafu jengeni ukuta wa matofali ya saruji ya inchi 6 kuzunguka, kimo cha sentimita 40 hivi, ukiwa umeachana na beseni sentimita 15 pande zote. Mwamba wenyewe ni msingi mzuri kuliko zege, mradi usafishwe vumbi na kuloweshwa kabla ya kumwaga udongo wa saruji. Juu ya mwamba ndani ya ukuta tandazeni mchanga sentimita 10 badala ya 5, kwa sababu ncha za jiwe hutoboa taratibu. Kisha fuateni mwendo ule ule wa maji na mchanga.

Acheni matundu kwenye mstari wa chini wa matofali, moja kila mita, na nyuma yake muweke kokoto ili mchanga usitoke. Bila matundu hayo mvua itajaza nafasi ya mchanga, ukuta utasukumwa nje, na beseni litaanza kuelea ndani ya ukuta wake kama vile liko Sahare. Ukuta wa kimo hiki una faida nyingine: mtu mzima hukaa juu yake, na mtoto anayetambaa hauvuki.

Beseni la dukani ni ghali. Nina tangi la plastiki la lita 1,000 lililopasuka juu. Nikilikata nusu itafaa? Na jirani ana lile tangi jeupe la mraba lenye fremu ya chuma, lilibeba kemikali, ananiuzia rahisi.
*Fundi baiskeli, Makorora*

La kwanza, ndiyo. La jirani, acha kabisa. Plastiki hunywa kemikali na kuzitema polepole majini, na hakuna sabuni inayoweza kukuhakikishia vinginevyo kama hujui lilibeba nini.

Tangi la maji ukilikata kimo cha sentimita 50 hadi 60 kutoka chini, unapata duara lenye kitako imara. Chora mstari kwa kulijaza maji hadi kimo unachotaka likiwa limesimama sawasawa na kuweka alama pale maji yanapogusa, halafu mwaga na ukate kwa msumeno wa meno madogo, taratibu. Ukingo uliokatwa ni dhaifu na utapinda kuwa yai. Chukua bomba la nusu inchi, lipasue kwa urefu, livishe ukingoni kuzunguka lote na ulifunge kwa waya usioshika kutu. Tangi halina vibaraza, basi mimea ya pembezoni isimame juu ya matofali. Matofali hayo yaloweke kwenye ndoo wiki mbili ukibadilisha maji, ili ukali wa saruji utoke.

Sehemu iliyopasuka iwe kwenye kipande unachotupa. Gundi ya silikoni haishiki kwenye plastiki ya matangi. Itakaa wiki kadhaa kisha itabanduka kama ngozi ya kidonda kilichopona. Ufa wa plastiki hii huchomelewa kwa joto na fimbo ya plastiki ya aina ile ile, kazi wanayoifanya watengenezaji wa matangi. Faibaglasi ni tofauti, yenyewe inapigwa msasa na kubandikwa nyuzi kwa rezini, na mafundi wa boti wanaijua vizuri. Kiraka cha rezini kikauke kabisa, kisuuzwe, na kisiwe na harufu kabla ya samaki kuingia.

Mume wangu hataki kidimbwi, anasema tutafuga mbu. Nimjibu nini?
*Dada wa Raskazone*

Mwambie ana haki ya kuogopa, kwa sababu huku kwetu pwani malaria na homa ya dengi si hadithi. Kidimbwi kisichosimamiwa kitazalisha mbu, na kwa joto letu yai huwa mbu anayeruka ndani ya siku 7 hadi 10 hivi. Kwa hiyo usijaze maji kisha ukae mwezi mzima ukifikiria samaki.

Samaki wadogo ndio walinzi wa kwanza. Gapi kumi katika lita 500 watamaliza viluwiluwi, hawahitaji pampu, na hawachimbui mimea. Perege wadogo nao hula viluwiluwi, ila wakikua hufukua vyungu, huzaana, na baada ya miezi michache una samaki 60 wanaotweta. Ukiwataka perege, chukua madume matatu tu. Gapi ni mgeni katika mito yetu, basi usimmwage mtoni wala mtaroni ukichoka naye.

Maji ya bomba, yale ya Mabayani yanayotoka Mto Zigi, yana klorini. Yaache wazi siku mbili kabla ya kuweka samaki wa kwanza. Baadaye, ukiongezea chini ya sehemu moja ya kumi kwa wakati mmoja, si lazima kusubiri. Weka samaki wanne kwanza, wengine baada ya wiki tatu au nne. Kinyesi chao hutoa amonia, na bakteria wanaoivunja huchukua muda huo kujaa kwenye kuta na kokoto. Ukiwaweka wote siku moja, wanaweza kufa wote wiki moja.

Mahali ambapo samaki hafiki ndipo mbu atazaa. Shina za mafunjo zilizosongamana, majani ya magimbi yaliyolala juu ya maji, tundu la tofali, kisahani cha chungu, ndoo uliyoisahau nyuma ya ukuta. Mbu wa dengi hupenda hasa hivyo vyombo vidogo kuliko kidimbwi chenyewe. Pitia kila wiki, siku moja maalumu, umwage na kusugua.

Kwa wiki za mwanzo kabla ya samaki, tumia dawa ya kibiolojia ya kuua viluwiluwi. Kibaha, mkoani Pwani, kuna kiwanda kinachoitengeneza, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba. Ni bakteria wanaoliwa na kiluwiluwi na kumuua tumboni, bila kumdhuru samaki, chura wala mtu. Fuata kipimo cha kwenye chupa na urudie kama inavyoelekeza, kwa kuwa nguvu yake hupungua juani. Usimimine mafuta ya taa wala oili chafu. Yanaua mbu, ni kweli, na kila kingine pamoja nao.

Maji yalikuwa meupe, baada ya wiki mbili yamekuwa kijani kama mchuzi wa mlenda. Niyabadilishe?
*Mzee mstaafu, Usagara*

Usiyabadilishe, mzee wetu. Ule ukijani ni mimea midogo sana inayokula virutubisho na jua. Maji mapya ya bomba yanaleta virutubisho vingine, na utaanza safari ile ile upya. Dawa yake ni kuipa njaa na kivuli.

Kivuli: theluthi mbili za uso wa maji zifunikwe majani. Yungiyungi ndilo bora. Lile la bluu la kwetu huota vizuri kwenye joto hili na hutaka sentimita 30 hivi za maji juu ya shina lake. Panda kwenye chungu kipana chenye udongo mzito wa mfinyanzi, *bila* samadi hata punje, na juu yake kokoto unene wa sentimita 2 ili samaki wasifukue. Mwanzoni chungu kiinue kwa matofali majani yafike juani, kisha ukishushe kila shina linavyorefuka. Yungiyungi halipendi kurushiwa maji, basi liwe mbali na bomba la pampu. Kama unatumia maji ya kisima, yaonje: yakiwa na ladha ya chumvi, yungiyungi litadumaa na jani litaungua pembeni. Vuna maji ya mvua ya paa badala yake.

Njaa: lisha samaki kile wanachomaliza kwa dakika mbili, mara moja kwa siku. Wengi humimina pumba kama wanalisha kuku. Angalia pia kunguru. Wana tabia ya kuja kulowesha mikate na mifupa waliyookota, na mabaki huzama na kuoza. Waya mbili tatu nyembamba zilizovutwa juu ya kidimbwi huwakera wasitue.

Magugu maji yenye ua la zambarau yatafunika uso wako kwa wiki chache, na mtu atakushauri uyachukue. Usikubali. Ndiyo yaliyoziba Ziwa Victoria, na kipande kimoja kikipelekwa na mafuriko hadi mtoni hakirudi.

Mpe muda kidimbwi chako. Wiki nne hadi sita yungiyungi likitanda, utaona chini.

Maji yanapungua. Nitajuaje kama linavuja au ni jua?
*Msomaji, Duga*

Weka ndoo iliyojaa maji juu ya kibaraza, mdomo wake ukiwa nje ya maji, uzito wa jiwe ndani isielee. Tia alama kimo cha maji ndani ya ndoo na kimo cha kidimbwi nje yake, zima pampu, subiri siku tatu bila mvua. Zikishuka sawa, ni jua na upepo: kiangazi milimita 5 kwa siku ni kawaida, zaidi ya sentimita 3 kwa wiki. Kidimbwi kikishuka zaidi ya ndoo, kinavuja. Usiongeze maji, kiache kishuke mpaka kisimame chenyewe, halafu tafuta ufa kwenye mstari huo kuzunguka. Masika usiache kishuke zaidi ya nusu, kwa sababu iliyotajwa kwenye jibu la Sahare. Kabla ya yote angalia kama kuna jiwe la pembezoni linalogusa maji na kuyanyonya kwenda kwenye udongo, au bomba la pampu linalorusha nje. Mara nyingi beseni ni zima na kosa liko hapo.

Wajukuu huja likizo. Wadogo wana miaka miwili na mitatu. Kina cha sentimita 50 ni hatari?
*Bibi wa Mikanjuni*

Ni hatari, bibi, na tunakujibu bila kuzunguka. Mtoto wa umri huo hufa maji hata kwenye ndoo, tena kimya kimya, bila kupiga kelele. Kuambiwa "wasisogee" si kinga.

Mwite mchomeleaji akutengenezee wavu wa nondo za milimita 8, matundu ya sentimita 10 kwa 10, ukalie zege la pembezoni na siyo ukingo wa plastiki. Kwa upana wa mita 1.2 aongeze nondo mbili za milimita 12 chini yake, na mtu mzima aukanyage mbele yako kabla hujampa fedha. Wavu ukae juu ya maji. Wengine huuzamisha sentimita 10 ili usionekane, lakini sentimita 10 zinatosha kumzamisha mtoto aliyeanguka kifudifudi. Ufungwe kwa kufuli, upakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya kuwekwa, maana hewa ya bahari hula nondo haraka. Yungiyungi litapenya kwenye matundu lenyewe, na kenge mkubwa hataweza kuingia kula samaki.

Mpaka wavu uwe tayari, kidimbwi kifunikwe mbao na kuwekewa uzito, au wajukuu wasiachwe uani hata dakika moja bila mtu mzima.

Nataka pampu ya kurusha maji. Ya ukubwa gani, na umeme ukikatika samaki watakufa?
*Kijana wa Ngamiani*

Kwa lita 500 tafuta pampu inayosukuma lita 300 hadi 500 kwa saa *kwa kimo utakachorusha*. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ni ya kimo sifuri. Pampu ya lita 600 ikipandisha maji mita moja inaweza kubaki na nusu ya hizo, kwa hiyo soma jedwali lake. Iweke juu ya tofali, isikae kwenye tope, na uisafishe sponji kila wiki mbili kwa maji ya kidimbwi, siyo ya bomba, ili usiue wale bakteria wanaovunja amonia.

Kuhusu samaki: maji ya nyuzi 30 hushika oksijeni kama miligramu 7.5 kwa lita, wakati ya nyuzi 20 hushika karibu 9. Sisi tuko kwenye hesabu ya kwanza karibu mwaka mzima. Kiwango hushuka zaidi alfajiri, maana usiku mimea nayo huvuta hewa. Ukiwaona samaki wamekusanyika juu wakitweta saa 11 asubuhi, ni wengi mno au kuna uozo chini. Kidimbwi kipangwe kana kwamba pampu haipo: samaki wachache, majani yaliyooza yatolewe. Hapo umeme ukikatika usiku kucha hakuna atakayekufa.

Pampu ya volti 12 inayotumia sola ndiyo tunayoipendekeza kwa kidimbwi cha nyumbani. Haitakuua ukitia mkono, na hufanya kazi mchana, jua linapowaka. Ukichagua ya volti 230, fundi umeme mwenye leseni afunge kifaa kinachokata umeme unapovuja, cha miliampia 30. Waya uzikwe sentimita 50 ndani ya bomba lake, na soketi iwe ndani ya nyumba au kwenye boksi lisiloingiza maji, mita 2 au zaidi kutoka ukingoni. Kiungo cha waya kilichofungwa kwa tepu nyeusi hakiruhusiwi popote karibu na maji. Na kila unapotia mkono ndani, chomoa plagi kwanza. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.